Mnabishania Chrome na Firefox huku simu zenu hazipokei viraka tena

Wakuu, nimevumilia nimechoka, leo naandika.

Kila baada ya siku chache lazima mtu alete uzi humu: "Brauza ipi ni salama zaidi?" Majibu nayajua kabla sijafungua. Wa kwanza: Brave ndiyo baba lao. Wa pili: Chrome ni jasusi wa Google, futa haraka. Wa tatu: Firefox, kwa sababu binamu yake ni programa. Halafu anatokea mwenye iPhone, ambaye hajaulizwa kitu, anatuambia wa Android tutajiju. Mnarushiana maneno kurasa na kurasa kama Simba na Yanga, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mleta uzi swali la maana: unatumia simu gani, Android ya ngapi, na mara ya mwisho umesasisha lini, yaani umepokea viraka, yale marekebisho ya kuziba matundu ya usalama?

Mimi nina steshenari. Natoa kopi, naprinti, nawajazia watu fomu za vyuo na za ajira. Simu na laptopu za wateja zinapita mikononi mwangu kutwa nzima, na ninayoyaona humo hayafanani kabisa na mabishano yenu. Mtu ana Brave, kaambiwa humu humu kwamba ni salama, ila ni toleo la zamani kweli kweli kwa sababu kazima masasisho ya Play Store asimalize bando. Huyo mmemsaidia nini?

Hata huo ubishi wenyewe mnaubisha vibaya. Chrome, Edge, Brave, Opera, Vivaldi, Samsung Internet, ndani zote ni Chromium, yaani msimbo wa wazi wa Google wenye injini ile ile ya kufungulia kurasa. Tundu, yaani kosa la programu ambalo mhalifu anaweza kupitia, likipatikana kwenye injini hiyo, limewapata wote. Kwa hiyo ukimwambia mtu ahame Chrome aende Edge ili kukwepa matundu, umemhamisha chumba ndani ya nyumba ile ile. Firefox ina injini yake, Gecko. Safari, brauza ya Apple, ina WebKit. Na nyie wa iPhone mnaojitapa kwamba mmeweka Chrome: Apple iliwalazimisha wote kutumia WebKit kwenye iPhone, mpaka Machi 2024 sheria ya Umoja wa Ulaya ilipowabana walegeze kwa nchi za huko. Chrome iliyopo kwenye iPhone yako hapa Bongo ni WebKit iliyovaa rangi za Google. Unabishana na nani?

Kuna wakati hata injini tofauti haikuokoi. Septemba 2023 lilipatikana tundu kwenye libwebp, kile kipande cha programu kinachofungua picha za WebP. Picha tu, hukuhitaji kubonyeza wala kupakua chochote. Waliolitolea taarifa ni timu ya usalama ya Apple pamoja na Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto, na Google wenyewe walisema tayari kuna watu wanalitumia kushambulia. Chrome ilikuwa nalo, Edge ilikuwa nalo, Brave ilikuwa nalo, na Firefox yenu yenye injini yake nayo ilikuwa nalo, kwa sababu wote walikuwa wanatumia libwebp. Viraka vilitoka ndani ya siku chache. Aliyesasisha wiki ile alipona, awe wa timu yoyote. Aliyezima masasisho kabaki nalo mpaka leo.

Mfano mwingine, maana najua kuna wabishi. Machi 2024 kule Vancouver kwenye mashindano ya Pwn2Own, ambako watu hulipwa kwa kuvunja programu mbele ya majaji, mtafiti wa usalama Manfred Paul alizivunja Chrome, Edge, Safari na Firefox. Zote nne, mtu mmoja, shindano moja. Firefox ilivunjwa siku ya pili, na kesho yake Mozilla, wenye Firefox, wakaachia toleo 124.0.1 lenye kiraka. Hicho ndicho kipimo ambacho mngekuwa mnakibishania: baada ya kuvunjwa, kiraka kimechukua muda gani kutoka, na kimechukua muda gani kufika kwenye simu ya mama yako?

Hapo kwenye kufika ndipo hawa wanaojiita wataalamu wa YouTube hawagusi kabisa. Msimbo wa Chromium uko wazi kwa kila mtu. Google wakirekebisha tundu, marekebisho yanaonekana hadharani kabla hayajafika kwenye simu za watu. Mhalifu anayejua kazi anasoma kiraka, anarudi nyuma kujua tundu lilikuwa wapi, anawawahi wale ambao hawajasasisha. Ndiyo maana tangu Agosti 2023, kuanzia Chrome 116, Google wanatoa viraka vya usalama kila wiki. Sasa zile brauza ndogo zinazokopa Chromium zinatakiwa ziende na kasi hiyo hiyo. Brave na Edge kwa kawaida hawachelewi. Lakini kuna vibrauza vya ajabu ajabu vinavyokuja na simu za bei rahisi, vyenye matangazo mpaka kwenye kioo cha kufungulia, ambavyo hata hujui nani anavitengeneza. Sijawahi kuona uzi wa hasira humu kuhusu hivyo. Hasira zote kwa Chrome.

Tofauti za kweli zipo, sikatai. Baada ya Spectre na Meltdown, matundu ya kwenye prosesa zenyewe, kutangazwa Januari 2018, Chrome ya kompyuta iliwasha mfumo wa kutenga kila tovuti kwenye mchakato wake, ili tovuti ya kitapeli isiweze kuchungulia kumbukumbu ya tovuti ya benki uliyofungua pembeni. Firefox ilifika hapo mwishoni mwa 2021. Miaka mitatu ile Chrome ilikuwa mbele, na mashabiki wa Firefox walikuwa wanaimba humu kama kawaida. Ila sikilizeni hii: ulinzi huo ulipoletwa kwenye Chrome ya Android mwaka 2019, uliwekwa kwa simu zenye RAM ya GB 2 kwenda juu. Chini ya hapo, hola. Yaani wewe na jirani yako mna Chrome ile ile, toleo lile lile, na yeye analindwa wewe hulindwi, kwa sababu simu yako ni ya GB 1. Nani aliwahi kukwambia hilo dukani?

Na hapo ndipo hasira yangu ilipo hasa. Kwenye maduka ya simu bado zinauzwa simu za Android 8 na 9, zimefungwa kwenye boksi zinang'aa, muuzaji anakuapia ni mpya kabisa. Chrome 138 ya mwaka 2025 ndiyo ya mwisho kwa Android hizo. Baada ya hapo hakuna kiraka cha Chrome. Unamuuzia mtu simu ambayo tayari imeachwa, halafu anakwenda kuweka humo namba ya siri ya benki, na siku akilizwa anakuja humu mnamwambia "ulitakiwa utumie Brave mkuu". Nyie watu!

Halafu mnachanganya usalama na faragha kila siku. Chrome kuweza kujua unatembelea wapi ni jambo moja, mwizi kuingia kupitia tundu ni jambo lingine. Chrome inaweza kuwa ngumu kuvunja na bado ikawa inakufuatilia. Hali fiche (incognito) nayo mnaisifia isivyo. Google walishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa kukusanya taarifa za watu waliokuwa kwenye hali hiyo, na mwaka 2024 wakakubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu. Hali fiche inafaa kitu kimoja: ukija kwangu steshenari, fungua barua pepe yako humo, ukifunga dirisha isibaki kwenye mashine yangu. Nawaambia wateja kila siku, wananiona nawachelewesha.

Opera Mini naipenda, ilitubeba wakati bando lilikuwa dhahabu. Lakini lazima msemwe ukweli. Ile hali yake ya kubana data kupita kiasi inafanya kazi kwa sababu ukurasa unafunguliwa kwanza kwenye seva za Opera, unabanwa, ndiyo unaletwa kwako. Hata ukurasa wa HTTPS, ule ambao mawasiliano yake hufichwa njiani. Opera wenyewe wanasema anayetaka usimbaji kutoka mwanzo hadi mwisho, yaani asiwepo wa katikati anayeweza kusoma, atumie brauza kamili. Soma habari za mpira humo, fanya mambo ya benki kwingine. Na wale mnaorushiana kwa Xender zile Opera za "intaneti ya bure", mnaoambiwa mfute kwanza ile ya zamani ndipo mpya ikubali kuingia: inakataa kwa sababu sahihi ya mtengenezaji haifanani. Simu inakwambia waziwazi kwamba aliyeitengeneza hii siye aliyetengeneza ile. Mnaifuta, mnaendelea.

Sasa nije kwa wakubwa, maana wananchi nimewasema vya kutosha. Kuna taasisi moja, siitaji, mfumo wake wa maombi cheti chake cha usalama, kile kinachoithibitishia brauza kwamba tovuti ni yenyewe, kinaisha muda na hakuna anayejali. Ukifungua, onyo jekundu linajaa kioo kizima. Nikawapigia simu. Dada wa huduma kwa wateja, kwa sauti ya upole kabisa: "Kaka, hiyo bonyeza tu mipangilio ya kina halafu endelea, haina shida." Haina shida? Mmewafundisha maelfu ya vijana kwamba onyo jekundu ni kero ya kuruka. Siku tapeli akijifanya ni nyie, wataruka hivyo hivyo. Na kwenye maelekezo yenu ya kujiunga bado kuna mstari unasema mfumo unafanya kazi vizuri zaidi kwenye Internet Explorer (IE), brauza ya zamani ya Microsoft. Microsoft waliistaafisha tarehe 15 Juni 2022! Kama mfumo wenu umeshindikana kabisa kurekebishwa, Edge ina hali ya IE, waelekezeni watu huko.

Na kabla hamjaniletea habari ya kufuli, ile alama iliyokuwa pembeni ya anwani ya tovuti: tapeli naye ana cheti, vinatolewa bure. Kufuli lilikuwa linasema tu kwamba mazungumzo yako na tovuti hayasikilizwi njiani, halikuwahi kusema mwenye tovuti ni mtu mwema. Watu walilielewa vibaya kiasi kwamba Google waliliondoa kwenye Chrome ya kompyuta mwaka 2023. Orodha ya kuzuia kurasa za kitapeli nayo ni ya Google Safe Browsing, na Firefox na Safari nazo zinaitumia. Edge ndiyo yenye ya kwake, SmartScreen.

Kwa hiyo moderata, nakuomba kitu kimoja: uzi wowote wa "brauza ipi salama" usio na jina la simu na toleo la Android, ufungwe. Mimi sitajibu.

NYONGEZA: Naona mmoja hapo chini ameuliza kuhusu kompyuta ya ofisini kwao yenye Windows 7. Mkuu, kwa Windows 7 Chrome iliishia toleo 109 mwanzoni mwa 2023. Firefox 115 ESR, toleo linalohudumiwa muda mrefu, ndiyo iliyoendelea kupewa viraka vya Windows 7 muda mrefu baada ya hapo, kwa hiyo ndugu zangu wa Firefox hapa mmeshinda, chukueni pointi zenu. Ila Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020, kwa hiyo hata ukiweka brauza ya malaika, chini yake pako wazi. Hiyo mashine ya kulipia mishahara ikae hivyo kwa nini? Mwambie bosi anunue nyingine.