Siku mbili Boston na mpwa wangu: Harvard, MIT na mji wenyewe, tuanzie wapi?

Mjomba Mizigo (ameuliza)

Wakuu heshima kwenu. Mwezi wa nne nampeleka mpwa wangu Boston akaone vyuo, kichwani mwake kuna Harvard na MIT tu, vingine hataki hata kuvisikia, na mimi hela ya hoteli ninayo ya siku mbili basi. Nilivyopanga ni tufike Jumamosi ya katikati ya mwezi, Jumapili tuzunguke mjini taratibu, Jumatatu tufanye zile ziara za chuoni alafu usiku tugeuze. Gari nilitaka nikodi pale pale eapoti tusihangaike.

Sasa naomba kujuzwa, hizo ziara mnazotembezwa na wanafunzi zinamuonyesha mtu chuo kilivyo kweli au ni kuonyeshwa majengo mazuri tu? Mtu wa nje anaingia wapi na anaishia wapi? Na mji je, unatembeleka kwa miguu? Maana bwana mdogo ananiambia "mjomba mimi nakuja kuangalia chuo sio kutalii" na mimi namwangalia tu, darasani atakaa masaa mangapi kwa siku, huko kwengine kote si atakua mtaani?

Abiria Mzoefu

Gari achana nalo mkuu. Barabara za kule zimepinda kama zimechorwa na ng'ombe anayetafuta maji na paking ni vita, utaishia kulilipia likae tu huku nyie mnatembea kwa miguu. Pale Logan, eapoti ya Boston, ukitoka nje kuna basi linaitwa Silver Line, limeandikwa SL1, kutoka eapoti kwenda mjini hulipi chochote, linawashusha South Station na hapo hapo mnateremka kwenye treni ya Red Line bila kulipa tena. Hiyo Red Line ndo itawabeba siku zote mbili, Harvard ina stesheni yake, MIT yake ni Kendall, na katikati yao kuna stesheni moja tu. Safari zingine nauli ya treni ni dola 2.40, unagusisha kadi ya benki getini unapita.

Ila treni ikitoka Kendall kwenda upande wa Boston mwambie dogo aweke simu mfukoni. Mnakua gizani chini ya ardhi, mara inapanda ghafla mnajikuta juu ya daraja, behewa lote mwanga, mto Charles uko chini na watu wanapiga makasia, Boston yote iko mbele. Dakika moja hivi, inasimama stesheni ya juu afu inazama tena. Mimi niliwahi kurudi stesheni mbili nyuma ili niione tena na wala sioni haya kusema.

Mama Daftari

Mjomba hujambo. Nimeshapita huko na mwanangu wa pili kwa hiyo nakwambia nilichokiona.

Ziara ni bure ila mjiandikishe mtandaoni mapema, msiende kama wageni wa harusi. Sisi kuna chuo kimoja (sikitaji) tulitokea tu tukakuta nafasi zimejaa, tukabaki kushika nondo za geti. Na swali lako jibu lake ni ndio, zinakuonyesha majengo mazuri, mwanafunzi anayewaongoza amefundishwa cha kusema na anatembea kinyumenyume akiwatazama mpaka mnamwonea huruma asije akajikwaa. Lakini huyo huyo mkimsogelea ziara ikiisha, wale wazazi wengine wakishaondoka, mkamuuliza jana usiku ulilala saa ngapi na Jumapili huwa unakwenda wapi, hapo anakua mtu mwingine kabisa. Muache mpwa wako aulize mwenyewe, wewe kaa pembeni jifanye unafunga kamba za viatu.

Harvard pale ndani ya Yard, ule uwanja wa kati wa chuo, kwa kawaida mtu yeyote anapita, lakini kuna nyakati wanafunga mageti anaingia mwenye kitambulisho chao tu, kwa hiyo angalieni kabla hamjaenda. Maktaba kubwa ya Widener mtaishia kwenye ngazi. Hata hivyo kaeni kwenye hizo ngazi, mweleze kwamba imejengwa na mama aliyefiwa na mtoto wake kwenye Titanic mwaka 1912, kijana alikua mpenda vitabu amesoma hapo hapo, mama mwenyewe alikua kwenye meli hiyo hiyo akaokoka, maktaba ikafunguliwa 1915. Mimi kama mzazi nilikaa kimya pale.

Alafu sanamu ya John Harvard, foleni ya kupiga picha haiishi. Imeandikwa kwamba yeye ndiye mwanzilishi na mwaka ni 1638, sasa hesabuni wenyewe: sura sio yake maana hakuna aliyejua alifananaje, kwa hiyo alikalishwa kijana mwingine mchonga sanamu akamtazama, mwanzilishi pia sio yeye, alichofanya ni kukiachia chuo vitabu vyake na nusu ya mali yake, na chuo kilianza 1636. Wanaiita sanamu ya uongo mitatu, na ipo kwenye chuo ambacho neno lake ni Ukweli! Kidole cha kiatu kinang'aa kwa kushikwa na wageni wakitafuta bahati. Msikishike. Wanafunzi wanakuambia wakicheka kwamba usiku wenzao huwa wanakwenda kukifanyia haja ndogo.

Kitu cha bure pale ni makumbusho ya sanaa ya Harvard, tangu 2023 hawatozi mtu, Jumatatu wanafunga. Yale maua ya kioo yapo makumbusho ya jirani na yale mnalipa, ila baba na mwanae walitengeneza vielelezo vya mimea zaidi ya 4,000 kwa kioo kuanzia 1887 mpaka 1936 na ukiangalia ua unataka kulinusa.

Mechanika

Mimi ni wa upande wa MIT kwa hiyo nitapendelea, mnisamehe.

Msipande treni kutoka Harvard kwenda MIT, tembeeni. Ni barabara moja tu, Massachusetts Avenue, kama km 3 hivi, na mkichoka basi namba 1 linapita humo humo. Hapo ndo utaona mji unavyobadilika, mnaanza na matofali mekundu na maduka ya vitabu, mnapita mtaa wa Central kwenye watu wa kawaida wanaokimbizana na kazi zao, mnaishia kwenye nguzo za mawe namba 77. Hapo ndo mlango wa MIT. Ndani kuna korido moja ndefu mita 251 wanaiita Infinite Corridor, inakatiza jengo baada ya jengo na majengo yenyewe wanayataja kwa namba, ukimuuliza mtu fizikia iko wapi anakujibu kama anasoma namba ya simu. Mara mbili kwa mwaka, mwezi wa kwanza mwishoni na katikati ya mwezi wa 11, jua likizama linapita humo kwenye korido kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nyie mwezi wa nne mtalikosa pole sana, ila someni matangazo ya ukutani, dogo atajua watu wanafanya nini usiku kuliko ziara yoyote itakavyomwambia.

Mkitoka msirudi, endeleeni mbele mvuke daraja. Linaitwa Harvard Bridge ingawa liko mlangoni kwa MIT, na chini mtaona alama za rangi na namba. Mwaka 1958 wanafunzi wa MIT walimlaza mwenzao mpya Oliver Smoot barabarani wakampima daraja zima kwa urefu wa mwili wake, mita 1.70, analala wanachora, ananyanyuka analala tena, mwisho akachoka ikabidi wambebe. Daraja likatoka smuti 364.4 na sikio moja. Mpaka leo rangi inarudishiwa kila mara. Na kijana mwenyewe akaja kua rais wa ISO, shirika la viwango la dunia, hili sikutungi.

Vaeni makoti. Upepo wa pale darajani mwezi wa nne hauna adabu.

Mguu Mwepesi

Subirini kwanza, hivi hakuna aliyeona tarehe? Mjomba umesema Jumatatu ya katikati ya mwezi wa nne. Jumatatu ya tatu ya mwezi wa nne ni Boston Marathon mkuu! Ni sikukuu ya jimbo la Massachusetts, barabara zinafungwa, na hoteli siku hizo nakutakia kila la heri. Yaani wewe Mswahili unaenda Boston unasahau marathoni, tangu Ibrahim Hussein ashinde 1988 pale pamekua nyumbani kwa Wakenya.

Kama bado hujakata tiketi sogeza wiki moja. Hata hivyo nendeni Copley Square, mstari wa kumalizia umechorwa barabarani mwaka mzima, na pale pale kuna maktaba ya mji ya 1895, juu ya mlango wamechonga kwamba ni bure kwa wote na ni bure kweli, mnaingia mpaka ukumbi wa kusomea wenye taa za kijani. Mwanafunzi wa chuo chochote anaweza kwenda kujisomea hapo.

Mjomba Mizigo

Aisee Mguu Mwepesi umeniokoa, tiketi nilikua nakata leo usiku. Nimesogeza wiki. Gari nimeliacha. Mama Daftari hiyo ya kamba za viatu nimeicheka peke yangu ofisini.

Bado moja, nyumba. Akikubaliwa mabweni watampa, baadae akitaka kutoka je?

Abiria Mzoefu

Mkuu hapo ndo pagumu, kodi ya Boston na Cambridge (ng'ambo ya mto, vilipo hivyo vyuo) ni kati ya ghali zaidi Marekani nzima. Alafu mikataba mingi inaanza siku moja, tarehe 1 mwezi wa 9, kwa hiyo mji mzima unahama kwa pamoja, magodoro na makochi yanajaa pembeni ya barabara na watu wanaokota bila aibu. Na kila mwaka kuna mtu anakodi lori la mizigo anaingia nalo Storrow Drive, barabara ya kando ya mto ambayo madaraja yanayopita juu yake yako chini sana, lori linapasuka paa kama kopo la maziwa. Wana mpaka neno lao la hiyo ajali.

Hiyo Jumapili yenu ya kuzunguka mjini msiende chuoni. Kaeni mtaani kama saa moja tu, mtaa wa kawaida karibu na Central, dogo aangalie vibao vya vyumba vya kupangisha mwenyewe, asome na bei.

Mjomba Mizigo

Nimemsomea yote haya. Kuhusu vyuo kanyamaza. Ameuliza swali moja tu, yeye ana mita 1.82, je daraja litakua smuti ngapi.

Mechanika

Zitakua kama 340. Mwambie ajiandikishe ziara leo leo.