Naomba ushauri: joto la gesi pembezoni mwa Abell 1795 linanikataa

Habari zenu wakuu. Nachambua data za eksirei za Chandra (darubini iliyo angani) za kundi la galaksi Abell 1795, ambalo limejaa gesi ya moto. Katikati mambo yako sawa: mstari wa chuma (mwanga wa nishati maalumu unaotolewa na chuma kwenye gesi) wa keV 6.7 (keV ni kipimo cha nishati, nasi hukitumia pia kwa joto) umeshuka hadi karibu keV 6.3, kama mhamo mwekundu (kupungua kwa nishati ya mwanga kwa sababu ulimwengu unatanuka) wa 0.062 unavyodai. Inapendeza kuuona!

Nikisogea pembezoni, joto linaruka hadi keV 14. Siliamini. Nimeondoa vyanzo vya nukta (vitu vingine vinavyong'aa kama nukta) na vipindi vya milipuko ya usuli (mionzi isiyotoka kwenye kundi lenyewe), hakuna badiliko. Usuli wa kutoa kwenye data niliukata kona ya chipu ileile ya kamera. Nahofia gesi imefika hata pale.

Je, nitumie data za anga tupu (sehemu za anga zisizo na kundi) kama usuli, nizipime upya ili zilingane na zangu kwenye keV 9.5 hadi 12? Na wingi wa metali (elementi nzito kuliko heli) kwenye modeli niufunge kwenye 0.3 ya Jua, au niuache huru?