Grupu la wateja limepoa, kila mtu ananifuata inboksi. Nyie mnafanyaje?

BintiNgamiani:
Asalaam aleikum wanajamvi. Nauza kanga na madera Ngamiani, hapa Tanga mjini. Zamani nikitupia picha kwenye grupu la WhatsApp, adhuhuri haifiki doti zimekwisha. Siku hizi wanatazama, wanapita. Usiku ndiyo mmoja mmoja ananifuata: "Ile ya kijani imeandikwaje? Nataka kumpelekea wifi." Nikimrekodia sauti, nikamsomea jina la kanga na kumwambia hiyo mwaya mtagombana, chukua ile ya zambarau, analipa palepale na kuongeza ya mama yake. Sasa nikimkalia kila mtu hivyo, wali jikoni unaungua. Nikaona nitume ujumbe mmoja kwa wote: "Habari mpenzi, mzigo mpya umeingia." Wengi kimya. Mmoja kauliza mpenzi wako nani.

Kolekole_DeepSea:
Huyo aliyeuliza kakusaidia, dada. Mimi grupu sina. Mashua zikiingia Deep Sea napiga picha samaki wakiwa bado kwenye beseni, halafu namrekodia mama mmoja wa Raskazone: "Shikamoo mama, changu wa saizi ile yako ya kupaka wapo, nikuwekee?" Mla pweza simsumbui na habari za changu. Na siku hakuna kitu cha maana baharini, sitafuti mtu.

FundiSimu_Chuda:
Hao waliokaa kimya, huenda ujumbe haukuwafika. Kama ulitumia orodha ya matangazo, anaupata yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake, na orodha moja mwisho watu 256. Mteja akinunua, mwombe akuhifadhi. Kingine, WhatsApp Business ipo tangu 2018, bure. Ina lebo: wa harusi weka kwao, wa jumla kwao. Ina majibu ya haraka pia. Bei, mahali ulipo, nauli ya boda, hayo andika mara moja tu. Sauti yako ibaki kwa mwenye wifi.

MamaWawili:
Naongea kama mteja. Kuna duka nilinunua viatu, namba nikatoa ili boda alete mzigo. Tangu hapo kila Ijumaa naitwa "mpendwa", naletewa viatu vya kiume, na nyumbani kwangu mwanamume hayupo! Kujua jina langu si kunijua. Tena tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023: taarifa ya mtu itumike kwa lile ulilomwomba. Binti, kabla hujamtia mtu kwenye orodha, muulize. Mimi ukiniuliza nitakubali, kanga napenda.

BintiNgamiani:
Kumbe ndiyo maana! Wengi wao namba yangu hawajaihifadhi, wanaisoma tu kwenye bango la dukani. Lebo nimeshaanza, na ya kwanza nimeiita "Mawifi", imejaa kuliko zote. MamaWawili, nakuuliza rasmi: nikuweke kwenye za rangi gani? Na wewe wa Deep Sea, kesho kolekole wakiwepo nirekodie. Pweza sili.

Kolekole_DeepSea:
Kolekole tu, nimeshaandika. Wa kupaka au wa kukaanga?