Themometa ya zebaki haishuki yenyewe, imekufa?

MamaWawili: Wakuu habari za asubuhi. Nina themometa ile ya kioo ya zamani, jana usiku nimempima mdogo kwapani ikasoma 38.4, leo naitoa kwenye kasha bado iko 38.4 vilevile na chumba kina baridi. Imeharibika? Halafu ya digitali ya jirani imetoa 37.6 kwa mtoto huyohuyo, sasa nishike ipi

kibatari_tz: Haijafa dada, ndo ilivyoundwa. Igeuzegeuze kwenye mwanga, juu kidogo ya pale zebaki inapokaa utaona mrija umebanwa. Zebaki ikipata joto inatanuka inajisukuma inapita pale, ikipoa inasinyaa uzi unakatika palepale kwenye mbano, kipande cha juu kinabaki kimeganda ili usome taratibu hata ukishaitoa kwapani, bila hivyo ungekuwa unasoma baridi ya chumba sio homa ya mtoto. Kwa hiyo kila ukitaka kupima unaikung'uta kwanza hadi ishuke chini ya 36. Ya ukutani haina mbano ndo maana inapanda na kushuka yenyewe

Mzee wa Vipimo: Umemjibu vizuri. Ya digitali ndani ya ncha ina kitu ambacho kikipata joto upinzani wake wa umeme unapungua, chipu inageuza hiyo kuwa namba, ikiona joto limeacha kupanda inapiga mlio. Sasa watu wanaichomeka kwapa likiwa na jasho au mkono haujabanwa, itasoma chini tu. Futa jasho, bana mkono. Ya kioo ipe dakika 5 hivi. Kwapani kuanzia 37.5 hiyo ni homa, kwa hiyo zote mbili zimekwambia mtoto anaumwa!

shungi_la_pwani: Unapokung'uta kaa mbali na meza jamani 😅 ikivunjika toa watoto, fungua madirisha, usifagie maana vitone vinazidi kutawanyika, viokote kwa karatasi ngumu utie kwenye chupa yenye kifuniko. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza themometa hizi za zebaki, tafuta digitali yako

MamaWawili: Asanteni sana. Nimekung'uta mpaka bega linauma, nimepima upya 38.1. Tunaenda zahanati sasa hivi akapimwe malaria