Tunapimaje hatari ya mafuriko Mathare, Nairobi: kwa umbali kutoka mtoni pekee?

Mjumbe wa kamati, Mathare
Ndugu zangu, kamati yetu inaandaa mpango wa mtaa wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, na tumeanza kwa kuhesabu nyumba zilizo ndani ya mita 30 kutoka ukingo wa mto, kipimo kilekile ambacho serikali ilikitumia kuwaondoa watu baada ya mafuriko ya 2024. Nina wasiwasi, kwa sababu baadhi ya majirani zangu waliopoteza kila kitu mwaka ule walikaa mbali na mto, ilhali wengine wa ukingoni walirejea kazini baada ya siku chache. Tumekosea wapi?

Mpangaji miji, Buruburu
Kuhesabu si kosa, ila mmepima jambo moja tu. Umbali unaonyesha nani atafikiwa na maji; hausemi nani ataumia zaidi, wala nani ana namna ya kuinuka tena. Mjane anayelea mtoto mwenye ulemavu katika chumba cha mabati, asiye na akiba wala chama cha kuchangiana, yumo hatarini kuliko jirani mwenye ndugu wa kumpokea Kayole, hata kama kuta zao zinagusana. Waulizeni wapangaji wenyewe, kwa maana mwenye nyumba mara nyingi haishi hapo. Kisha waombeni wazee wachore mtaa ardhini, waonyeshe maji yalikofika wakati wa El Niño ya 1997, yalikofika 2024, na njia yaliyopitia. Huenda mkagundua kwamba waliofurikiwa mbali na mto waliletewa maji na mtaro uliozibwa na taka, na tatizo hilo halitaondoka kwa kubomoa nyumba za ukingoni.

Mhudumu wa afya ya jamii, Mukuru
Nakubaliana naye, lakini wazee pekee hawatoshi. Vyoo vya shimo vinapofurika, anayejua ni watoto wa nani walioharisha ni mama zao. Huku kwetu, baada ya kaunti kutangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, yaani eneo la kuandaliwa mpango wake wa pekee wa uboreshaji, mwaka 2017, wakazi walijipanga kwa vikundi vya kaya kumi kumi, na katika kundi dogo hata mnyonge husema.

Mjumbe wa kamati, Mathare
Nawashukuru sana. Tutarudia mahojiano Jumapili alasiri, vibarua wanapokuwa nyumbani, na mtaro tutaufuata kwa miguu kutoka juu hadi unapoingia mtoni.