Walimu wa Advance mnaokata maksi eti jibu halifanani na la kwenye desa (notisi zenu za kukaririsha), mnatutafuta nini?

Wakuu, heshima kwenu. Leo siombi ushauri, nimekuja kulalamika.

Mpwa wangu yuko kidato cha sita, PCM. Kwenye moko (mtihani wa majaribio) wameambiwa waintigreti sin x cos x, yaani watafute kitu ambacho ukikidifarenshieti kinarudi hiyo. Dogo akaweka u = cos x, akashuka hatua kwa hatua, akapata −½cos²x + C. Mwalimu kachora mkasi mwekundu ukurasa mzima, pembeni kaandika ½sin²x + C. Sifuri. Jirani yake alianza kwa kugeuza kuwa ½sin 2x, akatoka na −¼cos 2x + C. Naye sifuri.

Wote wawili wamepata! Tena wamepata kabisa, si kwa kuhurumiwa. Difarenshieti jibu la dogo uone kama hairudi sin x cos x. Ni mstari mmoja tu, hata chai haipoi. Na kwa kuwa sin²x + cos²x = 1, jibu lake na la mwalimu yanapishana kwa ½ kila mahali, na la jirani linapishana na la mwalimu kwa ¼. Hizo ½ na ¼ zinamezwa na C, maana C ni namba yoyote isiyobadilika. Sasa hiyo C mnawalazimisha waandike ya nini, urembo? Weka mipaka 0 hadi π/2, majibu yote matatu yanatoa ½.

Dogo alikwenda ofisini kwa adabu zote kuuliza. Akaambiwa afuate mwongozo wa kusahihishia. Jioni ananiuliza, "Anko, kwa hiyo nifute ya kwangu nikariri ya ticha?" Nilikosa la kumjibu kwa hasira.

Basi nikaomba nione hilo desa lenyewe linaloabudiwa. Aisee! Intigrali ya 1/x imeandikwa ln x, bila zile alama za thamani chanya, na kurasa nyingine C haipo kabisa. Yaani anayemkata mtoto maksi kwa ajili ya C yeye mwenyewe kaisahau. Chukua 1/x kutoka −3 hadi −1 kwa fomula ya desa: unatakiwa utafute ln(−1), kikokotoo kinagoma. Kwa ln|x| unapata −ln 3 bila kelele. Wala si jambo la ajabu, eneo liko chini ya mhimili.

Mfano mwingine, 1/(2x). Ukitoa nusu nje unapata ½ln|x| + C. Ukiweka u = 2x unapata ½ln|2x| + C. Tofauti ni ½ln 2, basi. Huyu mwalimu angemkata mmoja wao, na nina hakika angemkata aliyetumia u.

Halafu ile intigrali ya sec x (yaani 1/cos x), ambayo madesa yote yanasema "zidisha juu na chini kwa sec x + tan x" kama uganga, bila kumwambia mtoto imetoka wapi. Imetoka baharini. Mwaka 1569 Mercator alichora ramani ya mabaharia, na mwaka 1599 Edward Wright wa Uingereza akachapisha jedwali la kuikokotoa kwa kujumlisha sekanti kidogo kidogo. Miaka ya 1640 Henry Bond akagundua, kwa kulinganisha majedwali tu, kwamba namba za Wright zinafanana na logi ya tan(45° + x/2). Uthibitisho ulisubiri hadi James Gregory mwaka 1668, kisha mwaka 1670 Isaac Barrow akaja na njia nyepesi zaidi inayoishia ½ln|(1 + sin x)/(1 − sin x)|. Desa linasema ln|sec x + tan x|. Yote ni kitu kimoja, lakini Barrow, mtu aliyekuwa profesa Cambridge kabla ya Newton, akiletwa kwenye moko hii anakula sifuri.

Najua kuna mtu atakuja hapa chini na ile kauli yao, "mwanafunzi aandike alichofundishwa darasani." Mkuu, kabla hujaandika, chukua 1/(x ln x) uifanye kwa njia ya u na dv (kuintigreti kwa sehemu), bila kuijali C kama desa lenu. Weka u = 1/ln x, dv = dx/x. Utapata I = 1 + I. Futa I pande zote, inabaki 0 = 1. Ukishamaliza kutuambia hiyo 1 imetoka wapi, ndipo uje tuzungumzie maksi za dogo.