Mrejesho: ile villa ya kale nje ya Lucca

Wadau, niliuliza kama tukishasaini tu tunaweza kuhamia kwenye villa ya kale huko Toscana. Aliyesema tusubiri siku 60, Mungu akubariki. Jengo likiwa urithi unaolindwa, serikali ya Italia ikishajulishwa mauzo ina siku hizo kuamua kulinunua yenyewe kwa bei ileile. Zimepita, kimya. Nyumba yetu!

Kodi ya ununuzi ndiyo iliuma: asilimia 9, kwani daraja A/8, yaani la villa, halipati ile nafuu ya asilimia 2 ya wanaonunua nyumba ya kwanza ya kuishi. Afadhali ilipigwa kwenye thamani ya daftari la serikali, siyo bei ya kununulia.

Sasa paa linavuja, na fundi hagusi kigae bila kibali cha Soprintendenza, ofisi ya serikali inayolinda majengo ya urithi. Mwenye kumjua fundi mzoefu wa vigae vya kale upande huo, aniambie.